Magari ya spoti Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwendo, kona na thamani ya pesa

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kununua gari la spoti la mtumba na kulitumia visiwani. Takwimu za mwendo ni zile za watengenezaji, kwa gari zima lenye matairi mapya na injini isiyoguswa. Gari la miaka kumi lililochoka halizifikii.

Gari lipi linachanganya haraka zaidi?

Kwa mstari ulionyooka peke yake, kati ya magari ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafikiria, Nissan Fairlady Z ya chesesi Z34 iko juu. Injini yake ya V6 ya lita 3.7 ina nguvu ya farasi 336, na Nissan waliitaja kwa sekunde 5.3 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, gia za mkono. Subaru WRX STI (VAB, farasi 308) na Mitsubishi Lancer Evolution X (CZ4A, farasi 280 hadi 300) ziko ubavuni mwake. Mvua ikinyesha zinaiacha, maana zinasukuma kwa magurudumu yote manne.

Chini yao inafuata Honda S2000 kwa sekunde 6.2, Mazda RX-8 kwa 6.4 na Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba kwa 6.5. Toyota 86 ya gia za mkono ni 7.6, ya otomatiki 8.2. Suzuki Swift Sport ya tabo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini (ZC33S), ni 8.1 na Mazda Roadster ya sasa (ND) yenye injini ya lita 1.5 ni 8.3.

Nissan GT-R R35 ilitoka mwaka 2007 na farasi 480 na inayapita yote haya kwa mbali. Lakini matairi yake, breki zake na mafuta ya giaboksi yake ni gharama ya mtu mwenye biashara kubwa, na fundi wake hayuko kila gereji.

Mbona gari moja linatajiwa sekunde tofauti kila pahala?

Kwa sababu hawapimi kitu kimoja. Wamarekani wengi wanapima hadi maili 60 kwa saa, ambayo ni kilomita 96.6, si 100. Tena majarida yao mengi huanza kuhesabu baada ya gari kusogea futi moja, yaani sentimita 30 hivi. Hizo sentimita 30 peke yake hupunguza kama sekunde 0.3, kwa hiyo 5.0 ya jarida la Marekani na 5.4 ya kiwanda cha Ulaya zinaweza kuwa za gari lile lile.

Sababu nyingine ni gia. Gari linalofika 100 likiwa gia ya pili linaonekana jepesi kuliko jingine linalolazimika kuingia ya tatu kwenye 96, ingawa barabarani huwezi kuona tofauti.

Farasi wengi si ndiyo mbio nyingi?

Gawa uzito kwa farasi, upate kila farasi anabeba kilo ngapi. Z34 yenye kilo 1,500 hivi inatoka 4.5. STI ni 4.8, S2000 ni 5, Toyota 86 ni 6.2, Golf GTI 6.3, Swift Sport 6.9. Toyota Mark X ya lita 2.5 (GRX130, farasi 203, kilo zaidi ya 1,500) inatoka 7.4, na Roadster ND ya kilo 990 yenye farasi 131 inatoka 7.6. Unaona Mark X ina farasi 72 zaidi ya Roadster na bado zimekaa karibu.

Kisha uliza nguvu inapatikana kwenye mzunguko gani wa injini. Swift Sport ya tabo ina torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 230 kwenye mizunguko 2,500. Toyota 86 ina Nm 205 tu, na inazitoa kamili ikishafika 6,400. Ukiwa nyuma ya daladala iliyojaa kutoka Mwanakwerekwe kuelekea Tunguu, ukitaka kutoka 40 kwenda 70, Swift inaondoka hapo hapo bila kushusha gia, na 86 inakutaka ushushe mbili. Kwenye karatasi 86 ni ya mbio zaidi. Katika matumizi ya kila siku ya Unguja mambo hugeuka.

Unguja kwa urefu haizidi kilomita 85 hivi, na njia zake nyingi zina matuta, vijiji na skuli. Injini inayotoa nguvu kuanzia chini ina kazi kubwa hapa kuliko inayopiga kelele juu.

Kwa nini gari langu la Japani linagota kwenye 180?

Watengenezaji wa Japani walikubaliana kuyafunga magari ya soko la ndani kwenye kilomita 180 kwa saa, ndiyo maana spidomita nyingi zinaishia hapo. Walikuwa pia na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya farasi 280, yaliyodumu hadi mwaka 2004. Ndiyo sababu magari mengi yenye nguvu ya miaka ya 1990 yameandikwa 280 ile ile, na baadhi yalikuwa na zaidi.

Usilipe fundi kuondoa kizuizi hicho. Hakuna barabara ya kisiwani inayokihitaji.

Joto letu linapunguza nguvu?

Ndiyo. Hewa ya nyuzi 32 ni nyepesi kuliko hewa ya nyuzi 15 kwa kama asilimia 5 hadi 6, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu kiasi hicho. Ya tabo hupoteza kwa njia nyingine: intakula (rejeta inayopoza hewa ya tabo) hupata moto ukikaa kwenye foleni ya Darajani saa saba mchana, na kompyuta hurudisha taimingi (wakati wa cheche) nyuma ili injini isigonge. Gari lile lile usiku linakuwa jingine.

Faida yetu ni kuwa tuko usawa wa bahari. Gari lisilo na tabo likiendeshwa Nairobi, mita 1,700 hivi juu, linakosa kama asilimia 15 ya hewa ambayo linaipata Bububu. Ukisikia mtu wa bara analalamika kuwa 86 ni nzito, kumbuka hilo.

Petroli yetu inazifaa injini hizi?

Angalia kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi. Japani wana petroli ya kawaida ya okteni (kipimo cha kuzuia injini kugonga) 90 hivi, na ya juu ambayo kwa kawaida ni 98 hadi 100. STI, Evolution, S2000 na Z zilipangwa kwa ile ya juu. Ukizitilia ya chini, kihisi cha mgongano (kile kinachosikia injini ikigonga) hurudisha taimingi nyuma na nguvu inashuka. Kwa injini isiyo na tabo ni hasara ya mwendo tu. Kwa tabo iliyoongezwa presha na mwenyewe wa kwanza ni hatari: mgongano hupasua pistoni kwenye sehemu zinazoshika ringi. Kabla ya kununua STI au Evo hakikisha kompyuta yake ni ya kiwandani, au imepangwa upya kwa mafuta yanayouzwa hapa. Kituo uliza okteni, na usikubali jibu la "nzuri tu".

"Kushika barabara" kunapimwa kwa nini?

Kwa vitu vinne, na farasi hayumo. Cha kwanza ni mpira unaogusa lami. Cha pili ni uzito, na wapi umekaa: juu au chini, mbele au katikati. Cha tatu ni shokapu, springi na bushi. Cha nne ni jiometri ya magurudumu, ile inayopimwa kwenye alaimenti.

Hesabu inaonyesha wazi. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, kwa matairi mazuri kwenye lami kavu, inakuruhusu kama kilomita 75 kwa saa kabla ya gari kuteleza. Kona ile ile kwa matairi magumu ya zamani kwenye lami iliyolowa inakuruhusu kama 55. Tofauti ni 20, na hakuna farasi wa kuifidia. Anayekuja na Z34 yenye matairi yaliyokauka anapitwa kihalali na Swift yenye matairi mapya, na mwenye Swift hata hajitahidi.

Basi lipi linakata kona vizuri zaidi?

Roadster ND na Toyota 86 (au ndugu yake Subaru BRZ, chesesi ZC6). Roadster ni nyepesi, na uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. 86 ina injini ya silinda nne zilizolala, iliyokaa chini sana, kwa hiyo gari haliinami sana ubavu ukiingia kona. Zote mbili zinakuambia mapema kwamba zinakaribia kuteleza, usukani unakuwa mwepesi na makalio yako yanahisi mkia. Dereva anayejifunza anahitaji taarifa hiyo kuliko kitu chochote.

S2000 ni kali zaidi kwenye kona, ila toleo la AP1 hutupa mkia ghafla ukiachia mafuta katikati ya kona, hasa lami ikiwa na maji. Si gari la kuanzia. STI na Evo zinashika kwa nguvu kubwa mno. Zinapoachia huwa tayari uko kwenye mwendo mkubwa, na uzito wake ni kilo 1,500 au zaidi. Golf GTI na Swift husukuma pua nje ukizidisha, jambo ambalo ni salama kwa watu wengi: unaachia mafuta, pua inarudi.

Matairi nichague vipi?

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi kubwa kuliko pahala popote. Toyota 86 ilitoka kiwandani na Michelin Primacy HP ya 215/45R17, tairi iliyotumika pia kwenye Prius. Toyota walitaka gari liteleze taratibu na kwa raha. Ukiitia tairi ya spoti ya saizi ile ile, inasimama mapema na inashika kona kama gari la daraja la juu, bila kugusa injini.

Soma ubavu wa tairi kabla ya kulipa. Tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa gari la spoti, zaidi ya miaka mitano tusingeifunga, hata kama kashata ni nzima, kwa sababu joto na jua hukausha mpira na unakuwa mgumu kabla ya kwisha. Matairi ya mtumba yanayoshushwa kwa bei rahisi mara nyingi yana umri huo na zaidi. Herufi ya mwisho baada ya namba ya mzigo ni mwendo ambao tairi linahimili: T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. Usishuke chini ya herufi iliyokuja na gari, hata kama huna nia ya kufika huko, kwa sababu herufi inaeleza pia ujenzi wa tairi na uvumilivu wake wa joto.

Upepo pima asubuhi gari likiwa baridi, kwa kiwango cha kibandiko cha mlango wa dereva. Joto likipanda nyuzi 10 presha hupanda kama psi 1.5, kwa hiyo ukipima saa nane mchana baada ya safari ya Nungwi utapunguza upepo ambao ulikuwa sawa.

Usichanganye. Matairi mawili mazuri na mawili mabovu ni mabaya kuliko manne ya wastani, na ukilazimika, mazuri yaende nyuma. Tairi la nyuma likiachia kwenye maji, gari linageuka.

Breki zinahitaji nini?

Kwenye kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja kugundua mbuzi, mita 22 zimekwenda kabla hujagusa pedali. Kisha matairi mazuri yanahitaji kama mita 25 kusimamisha gari, na mabovu kwenye maji zaidi ya 40.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. DOT 4 mapya huchemka si chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji kiwango cha chini kinashuka hadi 155. Breki zikipata moto mafuta yanachemka, mapovu yanaingia kwenye mabomba, pedali inazama hadi sakafuni. Watengenezaji wengi wanasema miaka miwili. Kwa hapa badilisha kila mwaka, lita moja inatosha kusukuma mfumo mzima: anza gurudumu la mbali na silinda kuu, fungua nipo (skrubu ndogo ya kutolea hewa), mwenzako akanyage polepole, endelea mpaka mafuta yatoke safi bila povu, kisha nenda gurudumu linalofuata. Gari lenye ABS fuata mpangilio wa kitabu chake, maana baadhi zina utaratibu tofauti.

Angalia na unene wa diski. Kiwango cha chini kimechapwa kwenye diski yenyewe kwa milimita.

Nikikata springi gari lishuke, si litashika zaidi?

Hapana. Springi iliyokatwa ni fupi kuliko shokapu, kwa hiyo inaweza kuchomoka kiti chake gari likiruka. Shokapu inafanya kazi chini ya safari yake na hufa haraka. Mikono ya chini inapanda pembe isiyo yake, magurudumu yanaingia ndani na tairi linaliwa upande wa ndani, ambao huuoni mpaka nyuzi zitokeze. Juu ya hayo, Toyota 86 ina nafasi ya milimita 130 hivi tu kutoka ardhini ikiwa ya kiwandani. Ukiishusha 40, matuta ya Jozani, yaliyowekwa kuwalinda kima punju wanaovuka njia, yatachukua bampa na ekzosi.

Kama gari limelegea, weka shokapu na bushi mpya za kiwango cha kiwandani kwanza. Wengi wanaotaka kushusha gari, kwa kweli wanataka lile jipya ambalo hawajawahi kuliendesha.

Ekzosi kubwa je?

Kwa injini isiyo na tabo ni sauti. Kwa tabo inasaidia kidogo, ikiwa kompyuta imepangwa pamoja nayo.

Mark X ni gari la spoti?

Ni saluni nzuri inayosukuma nyuma. Ile ya lita 3.5 (GRX133, farasi 318) ina mwendo wa kweli na inaweza kusumbua magari mengi yaliyotajwa hapo juu kwenye mstari ulionyooka. Lakini ni nzito, shokapu zake zimepangwa kwa starehe, na karibu zote ni za otomatiki. Ya lita 2.5 ina injini ya 4GR-FSE, ambayo hujaza kaboni kwenye valvu za kuingiza hewa kwa sababu petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda na haizioshi. Dalili ni gari kutetemeka likiwa limesimama na kukosa nguvu. Dawa ni kufungua njia ya hewa na kuzisafisha valvu kwa mkono. Dawa ya kutia tangini haifiki hapo.

Ukiwa na watoto watatu na unataka gari moja tu la nyumba, chukua Mark X na utie pesa kwenye matairi na breki.

Thamani ya pesa nihesabuje?

Bei ya gari ni mwanzo tu. Ongeza meli na bima ya safari, kodi za bandarini, usajili, bima ya mwaka, kisha tenga pesa ya mwanzo ya kuliweka sawa: matairi manne, mafuta yote, plagi, betri, pedi, bushi. Ujazo wa injini na umri wa gari vinaingia kwenye hesabu ya kodi, kwa hiyo omba makadirio yaliyoandikwa kutoka kwa wakala wa forodha kwa namba ya chesesi hasa, kabla hujatuma pesa Japani. Makadirio ya mdomo hayana maana.

Kisha hesabu mwaka mmoja wa matumizi. Bei ya petroli Zanzibar inatangazwa na ZURA, mamlaka ya maji na nishati, kila mwezi. Chukua hiyo uzidishe kwa lita zako. Gari la lita 3.7 mjini linaweza kunywa mara mbili ya Swift.

Mwisho, uliza nani atalinunua ukitaka kuliuza. Soko la kisiwani ni dogo na gari la milango miwili lina wanunuzi wachache. Lililobaki la kiwandani linauzika, lililochezewa linakaa uani.

Kwa pesa yangu nichukue lipi?

Tukitakiwa kuchagua moja kwa mtu wa Unguja, ni Swift Sport ya tabo. Ina viti vinne, kilo 970, torki ya chini chini, inapita matuta, na matairi yake si ghali. Mwenye pesa kidogo atazame ZC32S ya lita 1.6 isiyo na tabo: sekunde 8.7, rahisi zaidi kutunza.

Anayetaka gari la spoti kamili achukue Toyota 86, na afadhali ya 2014 kuendelea. Zile za 2012 na 2013 ziliitwa kiwandani mwaka 2018 kwa ajili ya springi za valvu, kazi inayohitaji kushusha injini. Uliza kama ilifanyika, na aliyeifanya ni nani.

Z34 ina mbio kwa bei ambayo ni vigumu kuipinga, lakini ina maradhi mawili ya kujua. Silinda ya klachi imekaa ndani ya giaboksi na ikivuja ni lazima giaboksi ishuke. Injini za mwanzo zina gasketi ya karatasi kwenye njia za oili nyuma ya kifuniko cha cheni, ikipasuka presha ya oili inashuka. Tazama geji ya oili injini ikiwa moto: presha ikianguka sana kwenye silensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), achana nalo.

Golf GTI inataka mafuta ya giaboksi ya DSG (otomatiki yake, ile ya gia sita) kila kilomita 60,000 bila kukosa. STI na Evo IX kurudi nyuma zinataka mkanda wa taimingi kila 100,000. Kama hakuna ushahidi, uhesabu haujabadilishwa.

RX-8 usiinunue bila kupimwa kompresheni kwa kifaa cha injini za rota, zile zisizo na pistoni. Kila mara ni rahisi, na kila mara ina sababu. Injini yake inachoma oili kwa makusudi kulainisha sili za rota, mtu akisahau kuongeza imekwisha, na joto letu haliisaidii. Ikikataa kuwaka baada ya kuizima ikiwa moto, rota zimechoka.

Karatasi ya mnada wa Japani nisomeje?

Daraja 4 na 4.5 ni nzuri, 3.5 ni ya kutazama kwa makini, R au RA ni gari lililopata ajali na kutengenezwa. Kwa gari la spoti R ni sababu ya kuacha, kwa sababu chesesi iliyopinda haiwezi kushika kona sawasawa kushoto na kulia. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni alama ya rangi iliyorudiwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba pembeni inasema ukubwa, 1 ndogo. Ukiona S na C chini ya gari kutoka mikoa yenye theluji, ujue chumvi yetu itamalizia kazi.

Gari lililoko hapa hapa nilikague vipi?

Fika asubuhi na umwambie mwenyewe asiliwashe. Shika boneti: ikiwa ya moto, ameficha kitu. Liwashe mwenyewe, usikilize sekunde 30 za mwanzo, mmoja atazame moshi. Wa buluu ni oili. Weupe usiokwisha baada ya injini kupata moto ni maji.

Barabarani, gia ya tatu kwenye kilomita 40, kanyaga mafuta yote kwa muda mfupi. Mizunguko ikipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha. Kata kona polepole kwenye uwanja usukani ukiwa umekunjwa wote: mlio wa "tak tak" kwenye gari la kusukuma mbele ni CV (kiungo cha ekseli), mngurumo nyuma ni difu. Achia usukani kwenye njia tambarare. Kisha mwanga wa tochi chini ya gari, ukianzia mabomba ya breki, fremu za nyuma na ukingo wa ndani wa matairi. Mwisho chomeka mashine ya kusoma hitilafu. Ikionyesha kuwa kumbukumbu zimefutwa asubuhi hiyo, ondoka.

Chumvi ya bahari nipambane nayo vipi?

Osha chini ya gari kwa maji baridi ya bomba kila wiki kama unakaa pwani, na siku hiyo hiyo kama umeendesha ufukweni. Vitu vya kwanza kufa ni mabano ya breki, mabomba ya chuma na plagi za nyaya. Roadster yenye turubai ina matundu ya kutolea maji nyuma ya viti. Yakiziba majani, maji huingia kwenye vizingiti na kuvioza kwa ndani. Yazibue kwa waya laini wa plastiki kabla ya masika na kabla ya vuli.

Pemba nayo ni sawa na Unguja?

Si sawa. Pemba ina vilima na mabonde, na njia kati ya Chake Chake, Wete na Konde zina kona za kweli, kwa hiyo gari jepesi linaonekana thamani yake huko kuliko Unguja. Lakini udongo mwekundu ukisombwa na mvua juu ya lami, unateleza vibaya sana, na msimu wa karafuu watu huanika kando ya njia. Punguza mwendo kabla hujaiona mikeka. Spea nyingi zitatoka Unguja au Dar es Salaam, kwa hiyo plagi, koili moja, mkanda wa alternata na pedi seti moja ziwe nyumbani mapema.

Nijaribu wapi mwendo wa gari langu?

Si barabarani. Visiwani hakuna uwanja wa mbio za magari, na barabara ya uwanja wa ndege si mbadala wake: kuna watoto, vyombo vya maringi mawili na watu wanaovuka popote. Ukitaka kujua afya ya injini, soma kompyuta kwa kifaa cha OBD na pima kompresheni. Majibu hayo yana maana kuliko sekunde.

Nikilivusha gari kwa meli, nichunge nini?

Ngazi. Maji ya bamvu hupanda na kushuka kama mita nne, na yakikupwa ngazi ya meli inabadilika mwinuko kabisa. Gari lililo chini hugusa mdomo wa mbele kwenye kuingia na tumbo kwenye kilele. Uliza jedwali la maji, panda karibu na maji kujaa au siku za maji mafu. Beba mbao mbili za mita moja na nusu, unene sentimita 5, uzitandike kwenye kona ya ngazi, na ingia kwa mshazari gurudumu moja moja. Piga picha pembe zote nne na geji ya kilomita mbele ya karani kabla hujampa ufunguo.